KANO YA FARASI ILIYOUMIA: JINSI YA KUITUNZA MPAKA IPONE

Watu wanaojipatia riziki kwa kazi ya farasi katika Kenya si wengi kama wachungaji wa ng'ombe na mbuzi, lakini wapo. Wako katika uwanja wa mashindano wa Ngong Road, Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1954, na katika mashamba ya Naivasha, Molo na Nanyuki. Huko masaisi huamka kabla ya mapambazuko kuwalisha farasi, kuwasugua na kuwatembeza. Kadhalika wako maelfu ya watu wenye punda wa kubeba maji, kuni na mazao kwenda sokoni. Wote hao yawapasa kujua habari ya kano, kwa sababu mnyama aliyeumia kano hupona au huharibika kwa namna anavyotunzwa na yule aliye karibu naye kila siku. Daktari huja mara moja na kwenda zake. Saisi ndiye anayebaki.

KANO NI KITU GANI?

Kano ni kamba ngumu nyeupe inayounganisha msuli na mfupa. Msuli ukijikaza, kano huvuta mfupa, na kiungo husogea. Mtu akishika nyuma ya kisigino chake ataigusa kano moja nene sana. Hiyo ndiyo inayomwezesha kukimbia na kuruka.

Mguu wa farasi umeumbwa kwa namna ya ajabu. Chini ya goti la mguu wa mbele hakuna nyama ya msuli ya kuhesabika. Misuli iko juu, karibu na bega na mkono, na kazi yote ya chini hufanywa na kano ndefu zinazoshuka nyuma ya mfupa wa muundi mpaka kwenye kifundo na ukwato. Kano kubwa za nyuma ni mbili: moja iko nje, karibu na ngozi, na nyingine iko ndani yake. Ile ya nje ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi kwa farasi wa mashindano, na mara nyingi huwa ni ya mguu wa mbele.

Kano hizo hufanya kazi kama mpira unaovutwa na kuachiliwa. Farasi wa mashindano huwa na uzito wa kilo 500 hivi. Akipiga shoti, yaani akienda mbio za kukata, kuna nukta ambayo mguu mmoja wa mbele huchukua mzigo unaozidi mara 2 ya uzito wake wote. Kifundo hushuka mpaka kukaribia kugusa ardhi, kano hunyooka kupita kiasi cha sehemu 10 katika 100 za urefu wake, kisha hujirudi na kumrusha farasi mbele. Kwa hiyo farasi hutumia nguvu kidogo na kwenda mbali. Lakini hasara yake ni kwamba kano ya farasi anayekwenda mbio hufanya kazi karibu kabisa na mpaka wa uwezo wake, na kupita mpaka huo kidogo tu ni kuumia.

Tena kano ikivutwa na kuachiliwa mara nyingi hupata joto. Wataalamu waliopima joto ndani ya kano ya farasi anayekimbia waliona ya kuwa katikati yake hufika nyuzi 45 za sentigredi. Joto hilo halipati njia ya kutoka upesi, kwa kuwa damu inayopita ndani ya kano ni kidogo. Na uhaba huo wa damu ndio pia sababu ya kano kupona polepole kuliko nyama au ngozi.

JINSI KANO INAVYOUMIA

Wengi hudhani ya kuwa kano huumia kwa bahati mbaya ya siku moja: farasi amekanyaga shimo, au ameruka vibaya. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi ajali ya siku moja ni mwisho wa safari ndefu. Nyuzi ndogo za ndani huwa zimekwisha kuchakaa kidogo kidogo, pasipo dalili ya nje, kwa sababu ya umri na kazi nyingi. Kisha siku moja farasi akiwa amechoka, au ardhi ikiwa ngumu mno au yenye matope ya kunata, nyuzi nyingi hukatika pamoja.

Mambo yanayozidisha hatari ni haya: kumkimbiza farasi ambaye hajazoezwa kwa kiasi, kuendelea kumpiga mbio baada ya kuchoka, kuacha kwato zikarefuka mbele, hata farasi akakanyaga vibaya, na kumrudisha kazini upesi farasi aliyewahi kuumia.

DALILI ZA KUTAZAMA

Saisi hodari hupapasa miguu ya farasi wake kila asubuhi kabla ya kazi, na jioni tena. Huteremsha vidole polepole nyuma ya muundi kutoka gotini mpaka kwenye kifundo, kisha hulinganisha mguu wa kulia na wa kushoto. Anayefanya hivyo kila siku huujua mguu wa farasi wake kama aujuavyo mkono wake mwenyewe, na badiliko dogo halimpiti.

Dalili za kwanza ni joto, uvimbe mdogo na maumivu pahali panapobonyezwa. Mara nyingine farasi hachechemei kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Husema, "Anatembea vizuri, basi hana neno," na kesho yake humpeleka mbioni. Kano iliyoumia kidogo siku ya Jumatatu huweza kukatika vibaya siku ya Jumanne. Uvimbe ukizidi, sehemu ya nyuma ya mguu hujitokeza mfano wa upinde, na kila mtu huona.

Ikiwa kifundo kimeshuka mno wakati farasi amesimama, au ncha ya ukwato inainuka juu kutoka ardhini, ni dalili kwamba kano imekatika sana. Farasi wa namna hiyo asitembezwe hata hatua chache. Daktari wa wanyama aitwe mahali pale pale alipo.

SIKU ZA KWANZA

Siku 3 za kwanza zina maana kubwa. Mara kano inapoumia, damu na maji hujaa ndani yake, na uvimbe huo huendelea kuharibu hata nyuzi zilizokuwa nzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia uvimbe.

Kwanza, farasi asimamishwe kazi papo hapo na kuwekwa bandani, penye matandiko manene na makavu. 

Pili, mguu upozwe kwa baridi. Maji baridi ya mpira yamwagwe juu ya kano kwa dakika 20 au 30, mara 3 kwa siku. Barafu ni bora zaidi ikipatikana, lakini izungushiwe kitambaa ili isiunguze ngozi.

Tatu, mguu ufungwe bendeji juu ya pamba nene iliyosambazwa sawasawa. Bendeji isikazwe pahali pamoja na kulegea pengine, kwa maana kamba ya bendeji iliyokazwa vibaya huweza yenyewe kuumiza kano. Mguu wa pili nao ufungwe, kwa sababu ndio unaobeba mzigo wa mwenzake.

Nne, daktari wa wanyama aitwe. Yeye aweza kutoa dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe. Dawa hiyo itolewe kwa kipimo chake tu, kwani ikizidi hudhuru tumbo na mafigo. Na tena isitumiwe kamwe kumwezesha farasi kurudi kazini. Dawa imeondoa maumivu, haikuunga nyuzi.

Tano, nafaka ipunguzwe. Farasi asiyefanya kazi akilishwa chakula cha nguvu kama cha siku za mbio, huwa mkali, huruka ruka bandani, na kujiumiza zaidi. Apewe nyasi kavu nzuri na maji safi.

KUTAZAMA NDANI YA KANO

Zamani daktari hakuwa na njia ya kujua kano imeumia kiasi gani ila kwa vidole vyake na macho yake. Tangu miaka ya 1980 hivi, madaktari wa wanyama wametumia mashine ya ultrasaundi. Mashine hii hupeleka ndani ya mguu mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia, na mawimbi hayo yakirudi huchora picha. Kano nzima huonekana nyeupe, nayo sehemu iliyokatika huonekana kama tundu jeusi, mara nyingi katikati kabisa ya kano.

Yafaa picha ya kwanza yenye kuaminiwa ichukuliwe baada ya siku 7 hivi, kwa sababu tundu huweza kuendelea kukua katika juma la kwanza. Kisha picha nyingine huchukuliwa kila baada ya miezi 2 au 3, kabla ya kuongeza kazi ya farasi. Picha ndiyo inayosema kama kano iko tayari.

MIEZI YA KUPONA

Kano hupona kwa hatua tatu. Katika majuma ya kwanza mwili husafisha nyuzi zilizoharibika. Katika miezi inayofuata hutengeneza nyuzi mpya. Lakini nyuzi hizo huwa dhaifu, tena zimelala ovyo, huku na huku, kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Hatua ya tatu, ambayo hudumu mwaka mzima na zaidi, ni ya kuzipanga nyuzi hizo zifuate urefu wa mguu na kuzitia nguvu.

Ni kitu gani kinachozipanga? Ni mwendo. Farasi akifungiwa bandani miezi mingi pasipo kutembezwa, nyuzi hubaki zimevurugika na kushikamana. Akiachiliwa malishoni akimbie apendavyo, hukatika tena. Njia iliyo sawa ni mazoezi ya kipimo, yanayoongezwa kidogo kidogo. Ratiba iliyo hapa chini ni mfano tu; daktari ataibadili kwa kufuata picha.

Majuma 2 ya kwanza: kupumzika bandani.

Juma la 3 mpaka mwisho wa mwezi wa 3: kutembezwa kwa mkono, mwanzo dakika 5 au 10, mara 2 kwa siku, na kuongeza dakika 5 kila juma. Njia iwe imara na ya sawa, isiyo na mchanga mwingi wala matope. Farasi asizungushwe katika duara ndogo.

Mwezi wa 4 mpaka wa 6: picha ikiwa nzuri, mwendo wa matiti uanzishwe kwa dakika 5, katikati ya kutembea, na kuongezwa polepole.

Mwezi wa 7 mpaka wa 9: mbio nyepesi, za mwendo mfupi.

Baada ya hapo: mbio zenyewe zirudishwe hatua kwa hatua. Farasi wengi hawafai kushindana kabla ya miezi 12, na wengine huhitaji 18.

Wakati wenye hatari kuliko yote ni mwezi wa tatu na wa nne. Uvimbe umekwisha. Joto limekwisha. Farasi ananawiri, anataka kucheza, na mwenyewe anahesabu fedha za chakula alizotumia pasipo faida. Hapo ndipo husema, "Amepona." Nyuzi za ndani bado ni changa, wala haziwezi kuhimili shoti. Farasi wengi walioumia mara ya pili waliharibiwa katika majuma hayo, nao wengi wao hawakurudi tena. Saisi anayeona jambo hilo likikaribia yampasa amwambie mwalimu wa farasi au mwenye mali kwa adabu, lakini kwa maneno wazi, ya kuwa picha haijachukuliwa. Si utovu wa heshima kulinda mali ya mtu.

Tena ni vema kusema kweli: kano iliyopona hairudi kuwa kama ilivyoumbwa. Kovu lake halivutiki vizuri kama nyuzi za asili, na hatari ya kuumia tena hubaki daima. Kwa hiyo farasi mmoja atarudi mashindanoni, na mwingine atafaa kazi nyepesi tu, kama kupandwa na watoto wanaojifunza, au kuzaa.

HABARI YA CHUMA CHA MOTO

Tangu kale, katika Uingereza, Arabuni na nchi nyingine, watu walikuwa wakichoma mguu wa farasi kwa chuma chenye moto, wakiamini ya kuwa moto huvuta damu na kuimarisha kano. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki nao wanajua desturi ya kuwachoma ng'ombe penye kiungo kilichovimba. Mwaka wa 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitangaza matokeo ya utafiti mrefu juu ya jambo hili. Waliona ya kuwa chuma cha moto hakikuisaidia kano kupona. Waliochomwa na wasiochomwa walihitaji muda ule ule. Kilichowasaidia wale waliochomwa ni ile miezi ya kupumzika iliyofuata, ambayo mwenye farasi asingaliwapa kama asingaliona majeraha.

Siku hizi zipo dawa mpya, kama vile sindano za chembe hai zinazotolewa katika uboho wa farasi mwenyewe na kutiwa ndani ya kano. Gharama yake ni kubwa, na hata hiyo haiondoi haja ya mwaka mzima wa mazoezi ya kipimo.

FARASI ALDANITI

Kuna farasi mmoja wa Uingereza ambaye habari zake zinaonyesha uvumilivu unavyoweza kuzaa matunda. Jina lake lilikuwa Aldaniti, aliyezaliwa mwaka wa 1970. Mwalimu wake alikuwa Bwana Josh Gifford wa Findon, katika jimbo la Sussex, na mpandaji wake alikuwa Bwana Bob Champion. Mwaka wa 1979 Aldaniti alikuwa wa tatu katika mashindano makubwa ya Cheltenham, na wa pili katika yale ya Scotland. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kumsumbua tangu zamani, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule alivunjika kano tena katika uwanja wa Sandown.

Mwaka huo huo Bwana Champion alipatikana na ugonjwa wa saratani, akatiwa hospitalini na kupewa dawa kali zilizomdhoofisha sana. Basi wakawa wagonjwa wawili, mtu na farasi wake. Bwana Gifford alimwahidi Bwana Champion ya kuwa kazi yake itamngoja. Wenye farasi, Bwana na Bibi Embiricos, nao hawakumwondoa Aldaniti. Walimrudisha shambani kwao Sussex, akatunzwa na kutembezwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, pasipo mbio.

Aldaniti alirudi mashindanoni Februari 1981, katika uwanja wa Ascot, akashinda. Tarehe 4 Aprili 1981 alishindana katika Grand National huko Aintree, karibu na Liverpool. Wakati ule mbio hizo zilikuwa za zaidi ya kilomita 7, na farasi huruka viunzi 30. Farasi 39 walianza. Katika kiunzi cha kwanza Aldaniti alijikwaa karibu kuanguka, lakini alijikaza, akashika mbele kabla ya nusu ya safari, na kumshinda Spartan Missile, aliyepandwa na Bwana John Thorne, mtu wa umri wa miaka 54. Mwaka wa 1982 Aldaniti alianguka katika kiunzi cha kwanza, na wenyewe wakamstaafisha. Mwaka wa 1987 alitembea kutoka London mpaka Liverpool ili kuchanga fedha za kupiga vita saratani. Alikufa mwaka wa 1997, akiwa na umri wa miaka 27.

Si kila farasi atakuwa Aldaniti, na wenye mali wengi hawana shamba la kumweka mnyama mwaka mzima. Lakini kano yake haikuponywa na muujiza. Iliponywa na wakati, na watu waliofanya kazi ile ile ndogo kila siku bila kuharakisha.

NENO KWA WENYE PUNDA

Kano ya punda ni kama ya farasi. Punda wa mkokoteni haendi mbio za kukata, lakini hubeba mzigo mzito, hushuka miteremko yenye mawe, na mara nyingi hufungwa miguu kwa kamba nyembamba inayokata ngozi mpaka kwenye kano. Mwenye punda apapase miguu kila jioni. Akiona joto au uvimbe, ampumzishe, amwagie maji baridi, na kumwita bwana wa mifugo. Asimfunge tena kwa kamba penye kidonda, wala asimpige ili atembee. Familia inayotegemea punda mmoja kuchota maji hupata shida akipumzika mwezi mmoja. Hupata shida kubwa zaidi akilemaa kabisa.

MASWALI KWA WANAOSOMA PAMOJA

1. Kwa nini kano hupona polepole kuliko nyama?
2. Farasi ambaye hachechemei aweza kuwa ameumia kano? Eleza.
3. Taja mambo matano ya kufanya katika siku za kwanza.
4. Kwa nini mguu mzima nao hufungwa bendeji?
5. Mwenye farasi anataka kumrudisha mbioni mwezi wa nne, na uvimbe umekwisha. Saisi amjibu nini?